Aliyezisoma Namba za Nasimiyu

Nekesa binti yangu,

Salamu sitaandika, kwa sababu tumesalimiana leo asubuhi jikoni na kesho tutasalimiana tena kabla hujapanda treni pale Bungoma. Wewe na baba yako mmekwenda Kanduyi kumuaga senge yako, dada ya baba yako, na senge hajawahi kumuaga mtu kabla ya chai ya pili, kwa hiyo najua nimeachiwa mchana huu na meza hii. Habari za sweta, za viatu vya baridi na za chakula cha Uingereza sitazigusa. Kila aliyepita hapa Mabanga wiki hii amekushauri juu ya sweta, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufika huko.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Unajua kwamba mimi na wewe tukiwa na jambo la moyoni huwa tunarudi kwenye Kibukusu, lakini haya ninayotaka kukwambia yalitokea Kitale, katika laini za wafanyakazi ulikokulia wewe, na kule tulikuwa watu wa kila kabila tukisikilizana kwa Kiswahili. Nimejaribu kuyasimulia kwa Kibukusu moyoni mwangu na nimeona yanakuwa ya mtu mwingine.

Baba yako aliposoma kwa sauti ile barua ya chuo, kwamba utasomea hesabu na utafundishwa kufanya kazi na kompyuta yao, mimi nilicheka. Ukaniuliza, "Mayi, unacheka nini?" Nikasema nimekumbuka kitu. Ukaniangalia kama mtu anayejua kwamba hajajibiwa, ukaendelea kukunja nguo. Basi leo nakujibu.

Unakumbuka kwamba kule Kitale nilifanya kazi katika shamba la majaribio ya mahindi. Huenda hukumbuki kazi yenyewe, maana ulikuwa mdogo. Shamba lilikatwa katika vitalu vingi vidogo, kila kitalu na mbegu yake na kibao chake cha mbao. Sisi wanawake tuliojua kuandika tulikuwa wahesabu. Tulipita mstari kwa mstari tukihesabu mimea iliyoota, baadaye mahindi yaliyobeba, baadaye tulikaa ghalani tukihesabu punje na kupima uzito. Kila namba iliandikwa kwenye karatasi. Mimi niliajiriwa kwa sababu nilikuwa nimesoma misheni hadi darasa la nne na mwandiko wangu ulisomeka. Hakuna aliyeniuliza kama napenda kuhesabu. Kumbe nilipenda. Nilipenda mpaka nikawa nahesabu vifungo vya koti la mchungaji wakati wa ibada.

Bwana mkubwa wa pale tulimwita Bwana Gunzi, kwa sababu hakukosa gunzi la mahindi mfukoni mwa koti lake. Alikuwa mtu mrefu, mpole kwa sehemu kubwa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazungu wa mashamba, kisichojua mtu wala kitu, jana wala kesho. Baada ya mavuno alizikusanya karatasi zetu zote, akazifunga kwenye kifurushi, akazituma kwa meli mpaka chuo kimoja huko kwao. Tulipomuuliza zinaenda kufanya nini, alisema, "Huko iko kompyuta. Yeye nahesabu yote, halafu naambia sisi mbegu gani nzuri."

Umesikia alivyosema? *Yeye*. Mimi nikachukulia kwamba ni mtu. Nilimwona kabisa akilini: mwanamke mzima aliyekaa mahali penye dirisha, karatasi zetu mbele yake, akiusoma mwandiko wangu. Nikaanza kuandika vizuri zaidi kwa ajili yake. Tarakimu saba yangu ilikuwa ikifanana na moja, nikaiwekea kimstari katikati ili asisumbuke. Siku za mvua nilifunika karatasi kwa kanga yangu mwenyewe, mimi nikalowa. Nilikuwa nimepata msomaji, Nekesa, na sijui kama unaelewa maana yake kwa mwanamke ambaye hakuwa ameandikiwa wala hakuwa amemwandikia mtu yeyote tangu atoke shuleni.

Siku moja nikamuuliza Bwana Gunzi mbele ya wenzangu, "Huyu kompyuta ni mume au mke?"

Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. "Mama Nekesa, hapana mtu. Iko mashine."

Wenzangu nao wakacheka, wengi wao kwa sababu bwana alicheka. Tangu siku hiyo nikaitwa Mama Kompyuta. Uliwahi kurudi kutoka kisimani ukilia kwamba watoto wamekutukania mama, nami nikakwambia nyamaza, si tusi. Lakini mimi mwenyewe nililisikia kama tusi. Niliacha kuuliza maswali. Nilifanya kazi yangu, nikaandika saba zangu bila kimstari, nikaenda nyumbani. Na ubaya wa jambo hilo ni kwamba sikulifanya kazini tu. Wewe ulikuwa na umri ule wa kuuliza kwa nini mistari ya punje kwenye hindi haikosi kugawika mbili kwa mbili, na kwa nini mwezi unatufuata tukitoka sokoni, nami nikawa nakujibu, "Teka maji." Mwezi unatufuata kwa nini, mama? Teka maji. Natamani ningeweza kuzirudisha siku hizo. Sikuwa na majibu, na nilidhani kuwa asiye na majibu hana haki ya kusikiliza swali.

Sasa nikwambie habari ya Nasimiyu.

Unamjua kama yule mama wa vitunguu wa Misikhu anayekuongezea bila kuombwa. Wakati ule alikuwa mhesabu mwenzangu, chumba chake kilipakana na chetu kwenye laini, na kitalu chake kilikuwa kile cha mtoni, mbali kuliko vyote. Msimu mmoja surua iliingia laini. Mtoto wake Wanyama alishikwa vibaya, akawa hafungui macho. Nasimiyu hakuomba ruhusa, kwa sababu aliyeomba ruhusa wakati wa kuhesabu aliikuta nafasi yake ina mtu mwingine. Alikaa chumbani na mtoto, karatasi za kitalu cha mtoni zikiwa gotini, akaandika namba kutoka kichwani. Hakuwa mjinga. Alijua mstari wa kule hubeba takriban kiasi gani, akaandika namba zinazokaribiana na ukweli, akazipeleka kama kawaida. Sisi majirani tulijua. Hakuna aliyeona kuna madhara. Mvua ilikuwa inanyesha, mtoto anaumwa, na shamba lina vitalu vingi kiasi hicho, nani atajua?

Mahindi yakavunwa, karatasi zikafungwa, zikaenda kwa meli. Tukapanda mengine. Wanyama akapona. Ndipo siku moja Bwana Gunzi akatuita sote ghalani, barua mkononi, uso umebadilika.

"Kitalu ya mtoni," alisema. "Kompyuta nasema hii namba hapana kweli. Nasema mtu natunga."

Nekesa, hata leo nikikumbuka nywele zinasimama. Kulikuwa na bahari kati yetu na huyo kompyuta. Hakuwahi kukanyaga Kitale. Aliona karatasi tu, zilizojaa namba kama karatasi nyingine zote, na katikati ya namba zote hizo akaweka kidole juu ya siku zilezile ambazo Nasimiyu hakuteremka mtoni. Alijuaje? Wenzangu wengine walinong'ona kwamba ni uchawi. Mimi niliogopa, kisha chini ya woga nikahisi kitu kingine ambacho sikukitaka wakati huo, kwa sababu rafiki yangu alikuwa amesimama pale: nilitaka kujua amefanyaje.

"Nani alihesabu huko?" Bwana Gunzi aliuliza, ingawa alijua.

"Ni mimi," Nasimiyu akasema. "Niliandika nikiwa nyumbani."

"Kwa nini?"

Nasimiyu akatazama mlango. Hakuwa mtu wa kumlilia mwajiri. Bwana Gunzi alingoja kidogo, akaona kimya, akamwambia apite ofisini achukue haki yake aende. Na mimi nilikuwa nimesimama karibu naye hivi, maneno yote yamejaa mdomoni: mtoto wake alikuwa na surua, bwana, alikuwa hafungui macho. Sikuyasema. Niliwaza watacheka, watasema sasa Mama Kompyuta anatetea. Nasimiyu aliondoka laini siku ileile na Wanyama mgongoni, na mimi nilimsindikiza mpaka barabarani nikambebea sufuria. Tulipoachana aliniambia, "Usilie, bana. Kwani wewe ndiye uliyenikamata?"

Kwa muda mrefu nilimchukia yule kompyuta. Mashine au mtu, nilimchukia. Nilisema moyoni: umeona namba, lakini mtoto hukumwona. Lakini chuki ile haikukaa vizuri ndani yangu, maana kila nikiigeuza nilikuta chini yake lile swali lilelile. Alijuaje? Nikawa nachukua karatasi za wenzangu na kuzitazama, natafuta kile alichokiona. Sikukiona.

Bwana Gunzi alipokaribia kwenda likizo kwao, nilisuka kikapu kidogo, cha upana wa viganja viwili, nikampelekea ofisini. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Nilimwambia, "Bwana, mpelekee kompyuta. Mwambie zile namba za mtoni zilitungwa kwa sababu mtoto wa Nasimiyu alikuwa na surua. Hilo tu."

Hakucheka. Alikishika kikapu, akakizungusha. "Nasimiyu hapana sema."

"Hata mimi sikusema," nikamwambia. "Na kama ni mashine, basi kitupe. Lakini ulishaiona kwa macho, hiyo mashine?"

Alikiweka kikapu mezani, akasema polepole, "Hapana. Mimi natuma karatasi, napata barua. Hapana jua, Mama Nekesa. Hapana uliza hata siku moja."

Basi alikuwa anatuma karatasi zetu miaka yote hiyo na hajui zinafika kwa nani. Nilitoka ofisini nikiwa mwepesi. Kumbe tulikuwa wawili tusiojua.

Aliporudi kutoka likizo nilikuwa ghalani nachambua mbegu. Alikuja akakaa juu ya gunia, akaweka gunzi lake kando, akaanza kunisimulia, na sasa nitakwambia kwa Kiswahili chetu, maana chake kitatuchelewesha. Alikwenda mpaka kile chuo. Akauliza kompyuta iko wapi, akapelekwa kwenye chumba cha ghorofani, na ndani akakuta wasichana. Ndivyo walivyoitwa, kompyuta, kama vile mtu anavyoitwa karani au mpishi. Kila mmoja alikuwa na mashine ndogo ya chuma mezani yenye mkono wa kuzungusha, na kazi yao ilikuwa kuhesabu tangu asubuhi hadi jioni. Aliyezihesabu zetu alikuwa msichana mmoja aitwaye Doroti, mdogo, mwenye mafua.

"Basi ni mtu," nikasema.

"Iko mtu," akasema Bwana Gunzi, na masikio yake yakawa mekundu.

Alikuwa amempa kikapu na ujumbe wangu. Doroti alikipokea. Hakujua kwamba kuna mtu aliyefukuzwa. Kwake yeye kitalu cha mtoni kilikuwa karatasi iliyokosewa. Aliandika maelezo kama alivyofundishwa, akaenda kunywa chai.

"Halafu yeye nauliza mimi," alisema Bwana Gunzi, "toto napona? Mimi nasema hapana jua. Mimi naona haya sana." Akaniangalia. "Mama Nekesa, toto napona?"

Nikamwambia alipona, ila sikio la kushoto halisikii vizuri. Akatikisa kichwa. Kisha mimi nikauliza langu nililolibeba muda wote huo: alijuaje?

Bwana Gunzi alikuwa amemuuliza hilohilo. Doroti alimwambia kwamba alikuwa na desturi ya kuzisoma namba kwa sauti ya chini huku akizungusha mashine, ili asisinzie. Namba za shamba, alisema, hazina adabu. Zinarukaruka, namba moja inajirudia mara mbili, tatu, halafu inakuja ndogo bila sababu, kwa sababu fuko amekula pale au ng'ombe amepita. Alipofika kitalu cha mtoni alijikuta anaimba. Namba zilipanda kidogo zikashuka kidogo, na hakuna hata moja iliyofuatana na pacha wake. Mtu anayetunga huogopa kurudia namba, anadhani itaonekana uongo. Shamba haliogopi.

Nilichukua likizo yangu ya siku ya soko nikaenda Misikhu kumwambia Nasimiyu. Bwana Gunzi naye alikuja kwa gari lake, na mbele ya watu akamwomba arudi kazini. Nasimiyu alimshukuru akakataa. Alisema vitunguu havimfukuzi. Lakini nilipomweleza jinsi alivyokamatwa, aliacha kufunga mafungu akanikodolea macho.

"Ati alikuwa anaimba?"

"Anaimba."

"Na mimi nilizipanga kwa uangalifu vile," akasema. "Nilikuwa nikiandika moja nasema, hii nimeshaiandika, ngoja niibadilishe." Akatafakari, kisha akaniuliza kwa dhati kabisa, "Sasa ningeziandikaje asijue?" Tukakaa pale mpaka wateja wakaondoka, tunatunga mistari ya uongo yenye kurudiarudia, na kila mara tukiisoma kwa sauti tulisikia wimbo unaingia.

Kuna jambo la mwisho alilolileta Bwana Gunzi, na hilo linakuhusu wewe. Doroti alimfungulia mlango wa chumba cha pili. Huko walikuwa wanaunda mashine ya umeme, ndefu kama ghala letu, yenye taa ndogondogo nyingi na joto kama la jiko. Ingelishwa namba kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na ingemaliza kwa mchana mmoja kazi ya wasichana wote wa msimu mzima. Nayo waliiita kompyuta. Jina la wasichana lilikuwa limehamia kwenye chuma. Doroti alisema wengine wataondoka, yeye labda atabaki kuitobolea utepe. Bwana Gunzi alimuuliza kama mashine hiyo ingeweza kumkamata Nasimiyu. Akajibu kwamba ingeweza kama mtu angeiambia itafute namba zisizojirudia. Lakini nani angejua kuiambia hivyo, kabla hajaimba?

Bwana Gunzi ndiye aliyewaandikia baadaye watu wa chuo hicho kuhusu wewe, ulipomaliza chuo cha Kampala. Alisema katika laini zake alikulia msichana wa hesabu ambaye mama yake alimuuliza yeye swali ambalo hakuweza kulijibu. Ndiyo sababu unaenda huko. Sijui kama Doroti bado yupo. Sijui hata leo niseme kompyuta anahesabu au kompyuta inahesabu. Nikiandika mojawapo naona nimemkosea mwenzake.

Ila nawaza sana juu ya kazi utakayoifanya. Utakaa mbele ya mashine hiyo na namba zitakujia kutoka pande zote, za mahindi, za wagonjwa, za watu wasioijua hata nchi uliko. Siwezi kukufundisha lolote kuhusu mashine. Nimeijua karatasi upande wa huku tu, upande wa matope. Doroti alikuwa sahihi kuhusu namba, Nasimiyu alikuwa sahihi kukaa na mtoto, Bwana Gunzi hakuwa mtu mbaya, na bado mwanamke aliondoka barabarani na sufuria. Nimeyageuza miaka mingi nikitafuta nani wa kulaumiwa, na kila mara narudi pale ghalani, kwenye ule muda mfupi bwana alipouliza "Kwa nini?" kisha akachoka kungoja, na mimi nikiwa na jibu mdomoni. Swali lilikuwa zuri. Lilikosa tu mtu wa kulishikilia kidogo zaidi.

Nawasikia mbwa wa jirani, labda mko njiani. Nimalizie.

Ukiandika nyumbani, watu watataka kusikia kwamba uko salama na unakula, na baba yako utamwandikia hayo, maana yatamlaza usingizi. Mimi niandikie kitu kimoja katika kila barua ambacho hujakielewa. Usikisafishe, usingoje mpaka upate jibu. Nitakisoma, kisha siku ya soko nitakipeleka Misikhu nimsomee Nasimiyu katikati ya vitunguu vyake. Hatutakielewa hata sisi. Tutakaa nacho mpaka tuchelewe kurudi nyumbani.

Mama yako.